Umechoshwa na vyama vya Uingereza? Anzia jimboni kwako

Kati ya Julai 2016 na Julai 2024 Uingereza ilipata mawaziri wakuu wapya watano: Theresa May, Boris Johnson, Liz Truss, Rishi Sunak na Keir Starmer. Ni Starmer peke yake aliyeingia Downing Street, ofisi ya waziri mkuu, kwa kushinda uchaguzi mkuu. Wanne waliomtangulia walipokezana kiti ndani ya chama cha Conservative, wananchi wakabaki kutangaziwa. Ukijumlisha na ahadi za Brexit (kujitoa Umoja wa Ulaya), lile basi jekundu la kampeni lililodai ubavuni kwamba Uingereza huupelekea Umoja huo pauni milioni 350 kwa wiki, si ajabu watu wengi wanaona kupiga kura ni kupoteza muda.

Tatizo ni kwamba hasira nyingi huelekezwa mahali pasipo na athari: saini za mtandaoni kumtaka waziri mkuu ajiuzulu, kura za kuharibu kwa makusudi, maandamano ya kumtaka mfalme aingilie kati. Mfumo huu una sehemu chache zinazosogea ukizisukuma, na karibu zote ziko jimboni. Yafuatayo ni kwa Mswahili anayeishi huko, awe na uraia au viza tu.

Nani humwondoa nani

Huko hakuna anayempigia waziri mkuu kura. Unamchagua mbunge wa jimbo lako, mmoja kati ya 650, na anayeungwa mkono na wabunge wengi ndiye anayeteuliwa na mfalme. Chama kikibadili kiongozi katikati ya safari, sheria haidai uchaguzi mpya. Tangu 2022 tarehe ya uchaguzi iko tena mikononi mwa waziri mkuu, mradi bunge lisizidi miaka mitano tangu kikao chake cha kwanza. Bunge lililochaguliwa Julai 2024 lilikutana tarehe 9 mwezi huo, kwa hiyo ukomo wake ni Julai 2029, na uchaguzi hufuata wiki chache baadaye.

Kwa hiyo wanaomng'oa kiongozi ni wabunge wake mwenyewe. Conservative hutumia Kamati ya 1922, kamati ya wabunge wake wasio mawaziri: wabunge humpelekea mwenyekiti wake barua za siri, na zikifika kiwango kilichowekwa, kura ya imani hupigwa. Enzi za May na Johnson kiwango kilikuwa asilimia 15 ya wabunge wa chama. Baada ya kipigo cha 2024 kikapandishwa hadi theluthi. Labour wana utaratibu mwingine: anayetaka kumpinga kiongozi sharti kwanza aungwe mkono na asilimia 20 ya wabunge wa chama, kiwango kilichowekwa 2021.

Usihesabu sana hiyo kura yenyewe. May alishinda yake Desemba 2018 kwa 200 dhidi ya 117, na miezi mitano baadaye akatangaza kuondoka. Johnson alishinda tarehe 6 Juni 2022 kwa 211 dhidi ya 148. Tarehe 7 Julai alikuwa amesimama nje ya Namba 10 Downing Street akijiuzulu, baada ya mawaziri wake kumkimbia kwa makumi ndani ya siku mbili. Kilichowamaliza wote wawili ni wabunge kuanza kuhofia majimbo yao.

Mbunge ana hofu mbili. Ya kwanza ni wanadhimu wa chama, wale ambao Wakenya huwaita viranja. Septemba 2019 Johnson aliwafukuza kwenye kundi la chama wabunge 21 waliompinga kuhusu kuondoka Umoja wa Ulaya bila makubaliano. Julai 2024 Starmer aliwasimamisha saba waliopiga kura kutaka ukomo wa ruzuku kwa watoto wawili ufutwe. Hofu ya pili ni wapiga kura wa jimbo lake, na hapo ndipo unapoingia wewe.

Ingia kwenye daftari, hata kama huna uraia

Wengi hawajui hili. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kupiga kura katika chaguzi zote, ukiwemo uchaguzi mkuu. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Msumbiji, Malawi na Zambia zimo. Viza ya mwanafunzi inatosha, ya kazi inatosha, ya mwenza inatosha. Si lazima uwe na ukaazi wa kudumu. Kupiga kura hakugusi ombi lako la viza. Kinachoweza kukuingiza matatani ni kujiandikisha huku ukijua huna sifa.

Kongo, Burundi, Somalia na Komoro hazimo katika Jumuiya ya Madola. Raia wao wakiishi England hawapigi kura hadi wapate uraia. Lakini wakiishi Scotland au Wales kihalali, wanapiga kura za halmashauri na za bunge la huko, yaani Holyrood na Senedd. Mkongo wa Glasgow ana kura ambayo Mkongo wa Birmingham hana.

Kujiandikisha hufanyika gov.uk/register-to-vote, na huchukua kama dakika tano. Uwe na namba ya NI, ile ya Bima ya Taifa. Usipokuwa nayo utaombwa vielelezo vingine, kazi itachelewa lakini haitakwama. Mwisho ni saa sita usiku, siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Hesabu siku za kazi kweli: Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazimo.

Makosa yanayojirudia:

- Kudhani kwamba kulipa kodi ya halmashauri kumekuandikisha. Hakujakuandikisha.
- Kuhama nyumba bila kujiandikisha upya. Daftari hufuata anwani, si mtu.
- Kuandika majina kwa mpangilio tofauti na wa pasipoti. Mwenye majina matatu au manne ayaandike vilevile yalivyo kwenye kitambulisho atakachobeba, maana ndipo ubishi kituoni huanzia.
- Kutafuta jina lako mtandaoni. Hakuna tovuti ya kukuonyesha kama umo. Piga simu ofisi ya uandikishaji ya halmashauri yako.

Kuna madaftari mawili. Moja ni la uchaguzi. Lingine ni la wazi, ambalo makampuni yanaweza kulinunua. Weka alama ya kujitoa kwenye hilo la wazi kama hutaki barua za matangazo. Kubaki kwenye la uchaguzi kuna faida ya pembeni: kampuni za mikopo hulitumia kuthibitisha anwani yako.

Kitambulisho: hapa ndipo kura hupotelea

Tangu Mei 2023 mpiga kura wa England anatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, na uchaguzi mkuu wa 2024 ulikuwa wa kwanza wa aina yake kufanyika kwa sharti hilo. Chaguzi za halmashauri na mabunge ya Scotland na Wales hazina sharti hilo, na Ireland Kaskazini ina orodha yake.

Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika, kwa hiyo pasipoti ya Kenya au Tanzania inatosha. Leseni ya udereva ya Uingereza pia. Kadi ya BRP, ile ya kibali cha ukaazi, inakubalika hata kama muda wake umekwisha, mradi sura inafanana nawe. Kadhalika pasipoti iliyopitwa na wakati. Usiitupe BRP yako ya zamani kwa sababu tu viza imekuwa ya kidijitali. Hiyo viza ya kidijitali, iliyo kwenye simu, haikusaidii kituoni: picha ya kitambulisho kwenye skrini haipokelewi. Kadi ya chuo haikubaliki, ilhali kadi ya basi ya wazee inakubalika, tofauti iliyowachukiza vijana wengi, na kwa haki kabisa.

Asiye na chochote aombe cheti cha mpiga kura, hutolewa bure kupitia gov.uk au ofisi ya halmashauri. Mwisho wa kuomba ni saa 11 jioni, siku sita za kazi kabla ya uchaguzi. Kitambulisho kikiibwa au kupotea dakika za mwisho, unaweza kuomba mtu akupigie kura kwa dharura hadi saa 11 jioni ya siku yenyewe.

Mwanamke anayevaa nikabu ataombwa kuonyesha uso faraghani. Kila kituo sharti kiwe na sehemu iliyosetiriwa, na unaweza kuomba ofisa wa kike. Nenda mapema kidogo ili apatikane bila haraka. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, na aliye kwenye foleni saa 4 inapogonga anaruhusiwa kupiga kura.

Kura ya posta haidai kitambulisho kituoni, ila inaombwa mapema: saa 11 jioni, siku 11 za kazi kabla. Kinachoiua ni sahihi isiyofanana na ile ya kwenye fomu ya maombi, au tarehe ya kuisaini iliyoandikwa penye tarehe ya kuzaliwa. Bahasha ifike kabla ya saa 4 usiku siku ya uchaguzi, ikichelewa, haihesabiwi.

Piga kura kwa hesabu

Julai 2024 Labour ilipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411. Reform UK ilipata kura milioni 4.1 na viti 5. Liberal Democrats, wenye kura pungufu, milioni 3.5, walipata viti 72. Hakuna wizi hapo. Ndivyo mfumo ulivyo. Anayeongoza jimboni anachukua kiti hata kama hajafikisha nusu, na kura za waliobaki haziendi popote. Liberal Democrats walizirundika kura zao katika majimbo machache waliyoweza kushinda, Reform zikatapakaa nchi nzima. Mwaka 2011 wananchi waliulizwa kama wanataka mfumo wa kupanga wagombea kwa namba, karibu asilimia 68 wakakataa.

Kabla ya kuamua, fungua matokeo ya jimbo lako kwenye tovuti ya bunge na uangalie mambo mawili tu: nani alikuwa wa pili, na alishindwa kwa kura ngapi. Tumia matokeo ya 2024 na kuendelea. Mipaka mipya ya majimbo ilianza kutumika mwaka huo, kwa hiyo ya 2019 yatakudanganya. Hendon iliamuliwa kwa kura 15. Poole kwa kura 18. Liz Truss, aliyekuwa waziri mkuu, alipoteza South West Norfolk kwa kura 630. Katika jimbo la namna hiyo, kumpa mgombea wa tatu kura ya hasira ni kumsaidia aliyepo. Katika jimbo ambalo mshindi aliacha pengo la kura 15,000, kura yako haitambadilisha mtu, basi mpe unayempenda: idadi ya kura za chama chako itaonekana, na mgombea wako akizidi asilimia 5 atarudishiwa dhamana yake, pesa aliyoiweka ili agombee.

Tahadhari na vipeperushi. Kila chama hutuma grafu ya nguzo inayoonyesha kwamba ni sisi tu tunaoweza kumshinda fulani hapa. Mara nyingi nguzo hazikuchorwa kwa vipimo, au takwimu ni za uchaguzi wa halmashauri, au za kata moja. Soma maandishi madogo chini ya grafu. Yasipokuwepo, itupe.

Kuharibu kura ni haki yako, na zilizoharibika huhesabiwa na kutangazwa, lakini hazibatilishi chochote. Karatasi ya Uingereza haina kisanduku cha "hakuna kati yao". Weka alama ya X moja tu, na usiandike jina lako wala chochote cha kukutambulisha, maana hilo lenyewe huibatilisha kura.

Walioko Scotland na Wales wana nafasi zaidi. Halmashauri za Scotland huchaguliwa kwa kupanga wagombea 1, 2, 3, na Senedd imehamia mfumo wa uwiano kamili kuanzia uchaguzi wa 2026. Huko chama kidogo si kura ya bure.

Barua kwa mbunge inayojibiwa

Mbunge hushughulikia watu wa jimbo lake tu. Kwa hiyo barua pepe isiyo na anwani kamili na postikodi haivuki kwa msaidizi wake. Mtafute members.parliament.uk, au andika House of Commons, London SW1A 0AA. Wengi huonana na wananchi jimboni Ijumaa au Jumamosi kwa miadi, kwa kuwa Jumatatu hadi Alhamisi wako bungeni Westminster. Si lazima uwe umempigia kura, wala uwe na haki ya kupiga kura. Kuishi jimboni kunatosha.

Sisi tumelelewa kusalimia kwanza, kuulizia afya, kisha kuzunguka kabla ya kufika kwenye hoja. Huko fanya kinyume. Msaidizi husoma mistari mitatu ya mwanzo kisha anaamua folda. Barua ya shida binafsi, kwa Kiingereza utakachoiandikia, iende hivi:

"Naitwa fulani, naishi anwani hii, postikodi hii. Mke wangu aliomba viza ya familia tarehe 3 Machi, namba ya ombi ni hii. Muda ambao Home Office iliutangaza umepita kwa wiki sita na barua pepe zangu mbili hazijajibiwa. Naomba ofisi yako iulize ombi limefikia wapi na uamuzi utatoka lini."

Nani, wapi, nini, tangu lini, unataka afanye nini. Hakuna zaidi. Ukiandika kwa niaba ya mwingine, ambatanisha ridhaa yake yenye sahihi, la sivyo watarudi kuiomba na wiki mbili zitapotea. Mbunge hawezi kubadili uamuzi wa mahakama, na mambo ya takataka, nyumba za halmashauri na maegesho ni ya diwani. Ila malalamiko dhidi ya wizara kwenda kwa mchunguzi wa malalamiko ya umma hupitia kwa mbunge, kwa hiyo huko humkwepi.

Barua ya sera ni tofauti. Usimwambie serikali imeoza. Chagua kanuni moja yenye tarehe: kwa mfano kima cha mapato cha £29,000 kwa anayemleta mwenza, kilichoanza 11 Aprili 2024, au katazo la wahudumu wa wazee kuleta familia, lililoanza 11 Machi mwaka huohuo. Muulize anaunga mkono au anapinga, kisha umwombe amwandikie waziri na akutumie majibu. Waziri hulazimika kumjibu mbunge. Wewe si lazima. Kabla ya kutuma, angalia TheyWorkForYou, tovuti ya rekodi za wabunge, uone alipiga kura vipi, ili asikujibu kinyume cha rekodi yake. Barua za kunakili zinazotumwa na mamia kwa maneno yaleyale hupewa jibu moja la kunakili. Barua kumi tofauti za jimbo moja, kuhusu jambo moja, katika wiki moja, humfikia yeye mwenyewe.

Saini: zipi zina meno

Maombi ya petition.parliament.uk huhitaji waungaji mkono watano ili kukaguliwa, kisha hukaa wazi miezi sita. Saini 10,000 huleta jibu la serikali kwa maandishi. Saini 100,000 huleta uwezekano wa mjadala, kwa kawaida Jumatatu katika Westminster Hall, ukumbi wa pembeni wa bunge, bila kura yenye nguvu ya kisheria. Ombi la kufuta Brexit la 2019 lilivuka saini milioni 6, serikali ikalikataa, kisha likajadiliwa tarehe 1 Aprili bila kubadili kitu. Ombi la kutaka uchaguzi mkuu mpya, mwishoni mwa 2024, lilipata saini takriban milioni 3 na kujadiliwa Januari 2025. Uchaguzi haukuitishwa. Maombi haya hufaa kwa kanuni ndogo ambazo waziri anaweza kuzirekebisha bila kujidhalilisha. Kwa kumwondoa mtu hayafai kitu.

Saini zenye meno ni za kumrudisha mbunge nyumbani, chini ya sheria ya 2015. Lakini wananchi hawawezi kuzianzisha. Mlango hufunguka kwa sababu tatu tu: mbunge amehukumiwa kifungo, amepatikana na hatia ya kudanganya madai ya posho, au amesimamishwa na bunge kwa siku 10 za vikao au zaidi. Kuvunja ahadi hakumo. Kuhama chama hakumo. Ukifunguka, wapiga kura wa jimbo wana wiki sita, na asilimia 10 wakisaini, kiti kiko wazi. North Antrim mwaka 2018 waliishia asilimia 9.4, mbunge akabaki. Peterborough na Brecon and Radnorshire mwaka 2019 walivuka. Huko Brecon mbunge aliyeondolewa alisimama tena katika uchaguzi mdogo, na akashindwa. Vituo vya kusaini havizidi kumi kwa jimbo, kwa hiyo panga usafiri wa wazee mapema.

Kuingia chamani, au kusimama mwenyewe

Septemba 2022 wanachama 81,326 wa Conservative walimpa Truss uongozi na, kwa hiyo, nchi nzima. Hilo lilikera mamilioni, ila lina upande wa pili: kadi ya chama ina uzito kuliko kura ya kawaida. Huhitaji uraia kujiunga na chama hicho. Kikwazo ni muda. Katika chaguzi zake za karibuni mwanachama alitakiwa awe na takriban miezi mitatu. Anayejiunga siku kiongozi anapojiuzulu anaweza kuwa amechelewa. Na katika majimbo ambayo chama kimoja hushinda daima, kikao cha wanachama cha kumteua mgombea, wakati mwingine watu mia hawafiki, ndicho uchaguzi wenyewe.

Kugombea ubunge kunadai dhamana ya £500, inayopotea usipozidi asilimia 5, na wapendekezaji 10 wa jimbo hilo. Raia wa Jumuiya ya Madola asiye na uraia wa Uingereza anaruhusiwa akiwa na ukaazi wa kudumu. Udiwani ni rahisi zaidi: England hakuna dhamana, na wapendekezaji wawili wanatosha. Fomu hupelekwa kwa mkono kabla ya saa 10 alasiri, siku 19 za kazi kabla ya uchaguzi. Fomu nyingi hukataliwa kwa sababu mpendekezaji ameandika jina tofauti na la daftarini. Mwombe msimamizi wa uchaguzi aikague siku chache kabla, huifanya kazi hiyo bila malipo. Na kusanya wapendekezaji watatu hata kama wawili wanatosha.